Jiwe Letu Lililoonekana Mirihi

Jumatano, 8 Oktoba 2025

Ukungu hadi saa tatu asubuhi, kisha manyunyu. Mvua ya jana katika kopo langu la kupimia: vidole viwili.

Taarifa ya saa moja redioni ilisema roboti iliyoko sayari ya Mirihi imepiga picha ya nyota ya mkia iliyokuwa ikipita huko. Sikujali. Mirihi ina mambo yake, mimi nina mahindi ya kupukuchua.

Saa kumi jioni binti yangu Emily akanionyesha picha yenyewe kwenye simu. Nikaacha mahindi. Udongo mwekundu. Kilima chenye pengo, kama kinywa kilichong'olewa jino la mbele. Juu ya pengo, doa jeupe lenye kijimkia: ndiyo nyota. Na chini ya doa, mbele kabisa, jiwe.

Jiwe hilo nalijua! Limekatika sikio la kushoto. Sikio hilo nililikata mimi mwenyewe kwa jembe mwaka 2009. Ni jiwe la mpaka wetu na Celestine.

Celestine ni mke wa shemeji yangu Masese. Masese anafundisha Suneka na huja mwisho wa mwezi tu. Mwezi mzima Celestine hubaki peke yake na mpaka, na mtu akibaki peke yake na mpaka huanza kupata mawazo.

Nilimwuliza Emily picha imetoka wapi. Mirihi, akasema. Nani kasema? Kila mtu. Jibu la kutia shaka kabisa.

Nikapekua shajara hii. Tarehe 12 Machi niliandika: wanaume wawili wamefika kwa Celestine, wana kamera ya miguu mitatu, wameielekeza mpakani, wamepewa chai na mayai, mayai mawili kila mmoja. Sasa naelewa. Mtu hapewi mayai mawili bure. Walipiga picha udongo wetu wakaupeleka ughaibuni ukaitwa Mirihi.

Lakini hilo la Mirihi ni dogo. Kubwa ni kwamba katika picha jiwe liko chini ya pengo la kilima, sawasawa. Leo nikisimama pembeni mwa jiko langu na kutazama kilima chetu, ambacho pia kina pengo, jiwe liko kushoto, limeingia kwangu. Nimepima kwa hatua. Mita mbili! Limesogezwa baada ya Machi.

Na mita mbili hizo ndizo ninazozitaka. Jumapili ya tarehe 26 wakwe watarajiwa wa Emily wanakuja kutoka Nyansiongo, kwa gari, kupanga ndoa. Watu wa Nyansiongo wamezoea malango yanayopitisha trekta bila dereva kupunguza mwendo. Njia yangu hupitisha toroli moja, tena likiwa tupu. Gari likikosa njia litaegeshwa uwanjani kwa Celestine. Celestine atawasalimu wa kwanza. Celestine atawapa chai ya kwanza. Miaka thelathini ijayo wakwe watasema kwa akina Emily walipokewa na yule mama mwingine.

Halitaegeshwa huko.

Alhamisi, 9 Oktoba

Jua tangu saa moja. Kopo tupu.

Nyaramba, kwenye saiba ya Duke, duka lake la kompyuta na kuchapisha. Nilitaka picha ya roboti, kubwa, ya rangi, nakala tatu. Duke akauliza za nini. Nikasema somo la watoto kanisani. Duke ni mpwa wa Celestine, kwa hiyo niliongea nikitazama ukuta.

Akaanza kunifundisha bila kuombwa. Kwamba nyota ile ilikuwa mbali sana hata kwa aliyesimama Mirihi. Kwamba kamera za roboti zimetengenezwa kutazama mawe, si nyota, ndiyo maana imetoka doa. Na kwamba hii inayozunguka kwenye simu mtu ameunganisha picha mbili, ya ardhi na ya mbingu.

Zimeunganishwa! Amekiri mwenyewe bila kubanwa.

Nikamwuliza nyota ilipigwa picha siku gani. Akatafuta, akasema Jumamosi. Roboti gani hiyo inayofanya kazi siku ya Sabato? Namjua mtu mmoja tu boma hili anayefanya kazi siku ya Sabato. Celestine ni Mkatoliki.

Nyumbani nikachukua rula. Kutoka ncha ya jiwe hadi doa, sentimita kumi na moja, wima kabisa. Nukta mbili hufanya mstari mmoja mnyoofu. Kidato cha pili. Mwalimu wetu alisema siku moja tutaihitaji hesabu hiyo, tukamcheka.

Mume wangu Abner akauliza ninapima nini. Nikasema Mirihi. Akasema niongee na Celestine. Abner husema hivyo kwa kila jambo. Hata ng'ombe alipovimba tumbo alisema niongee na Celestine. Nitamchunguza yeye pia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mawingu, baridi ya kuvaa sweta mbili. Sikukuu ya Mazingira.

Ofisi ya naibu wa chifu imefungwa, lakini nilijua Bosire angekuwa shuleni akipanda miche mbele ya watu. Nikamkuta amechuchumaa, mikono udongo hadi kiwikoni. Nikamwekea picha juu ya mche.

Akaitazama kwa muda. Akauliza hapa ni wapi. Nikamwambia ni hapa. Akasoma maneno ya chini kwa sauti, herufi moja moja, mpaka akafika Mirihi. Kisha akasema, kwa upole wa mtu anayemzungumzia mgonjwa, kwamba Mirihi haimo katika kata ndogo yake. Yake inaishia mtoni.

Watu wakacheka. Nimeandika majina ya waliocheka, yako ukurasa wa nyuma.

Nikamweleza pengo, sikio la jiwe, mstari mnyoofu, mayai. Akafuta mikono kwa majani. Akasema sawa, mama Emily, kama picha hii ilipigwa kwetu basi inaweza kupigwa tena kwetu. Nimletee nyingine inayofanana nayo: kilima, jiwe, na nyota ya mkia juu yake. Nikiileta, atakuja kuutazama mpaka kwa macho yake.

Alidhani amenifukuza. Amenipa masharti! Nimeyaandika na kuyapigia mstari.

Jua linazama. Nafunga kalamu kwa ajili ya Sabato.

Jumamosi, 11 Oktoba (nimeandika baada ya jua kuzama)

Asubuhi nzuri mno. Sabato huwa na asubuhi nzuri, mashamba yakikutazama na huwezi kufanya lolote.

Kanisani mchungaji alihubiri kuhusu watu wanaosogeza mipaka ya wenzao. Mahubiri yaliyonyooka. Nilisikitika sana kwamba Celestine hakuwepo kuyasikia.

Narudi nyumbani saa saba, nimkute nani mpakani? Celestine! Ana jembe. Anachimba viazi vitamu, upande wake, kando kabisa ya jiwe. Viazi havijakomaa, mimi huviona kila siku. Anavichimba vikiwa vidogo kama vidole. Nani huchimba viazi vya vidole kama hana jambo la kuficha ardhini?

Akaniona. Akatabasamu. Akauliza kwa sauti kama wageni bado ni tarehe 26, maana anataka uwanja wake uwe umefagiwa.

Uwanja wake! Nimesema asante. Nilikuwa na Biblia mkononi, nisingeweza kusema lingine.

Jumapili, 12 Oktoba

Jua la vipindi.

Celestine yuko misa, saa nne hadi saa sita. Nina saa mbili. Nimechomeka kijiti mahali jiwe linapopaswa kuwa, chini ya pengo. Nimekizungushia nyasi lisijulikane jambo.

Tatizo ni nyota. Nimetazama angani alfajiri, nimetazama jioni. Hakuna kitu chenye mkia isipokuwa moshi wa jiko la Celestine. Nimempigia Duke nikibadilisha sauti. Akasema: “Mama Emily, nyota hiyo haionekani kwa macho.” Nikakata simu.

Basi. Kama wao waliunganisha mbingu yao, nami nitaunganisha yangu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mvua tangu alfajiri hadi saa tano. Vidole vitatu.

Nimetengeneza nyota ya mkia. Mwanzi mmoja mrefu, mita saba, kutoka kwenye kichaka cha mtoni. Taa ya sola ya jikoni, ile nyeupe, nimeifunga kwenye ncha. Mkia nimeukata kutoka kwenye plastiki ambayo Abner hujifunga kiunoni akichuma chai yenye umande. Vipande vitatu virefu, vimeungana juu, vimeachana chini. Nimeujaribu ndani ya zizi. Ng'ombe alirudi nyuma hatua nne. Ni nyota nzuri.

Abner ametafuta plastiki yake mchana kutwa. Nimemwambia Celestine alikuwa akipita hapa.

Limebaki jambo moja. Picha ifanane na ya Mirihi: doa, pengo na jiwe katika mstari mmoja. Lakini jiwe limekaa kushoto mita mbili. Kwa hiyo lazima jiwe lirudi mahali pake. Nimelifikiria hili kwa haki kabisa, kalamu mkononi. Anayesogeza jiwe la mpaka ni mwizi. Anayelirudisha ni shahidi. Na ni kwa dakika ya picha tu.

Mtaimbo uko nyuma ya mlango.

Jumanne, 14 Oktoba

Alfajiri kavu, upepo kutoka upande wa mtoni. Upepo huo sikuutia maanani.

Saa kumi na moja kasorobo nimetoka. Jiwe limeng'oka kwa mtaimbo baada ya kutoa mlio mmoja wa kutisha. Limeacha shimo la kuingia paja zima. Nimelibiringisha hadi kwenye kijiti. Shimo nimelifunika kwa majani ya migomba. Nimesimika mwanzi upande wa pili, nimewasha nyota, nimekimbia hadi pembeni mwa jiko na simu ya Emily.

Ilipendeza! Naandika ukweli. Mbingu ilikuwa ya zambarau, pengo jeusi, na juu yake nyota ikitingisha mkia. Nikapiga picha. Nikapiga tena.

Ndipo kelele zikaanza ng'ambo ya bonde.

Nilikuwa nimesahau wachuma chai. Saa kumi na moja na nusu huwa wameshafika kwenye mashamba yao ya chai, vikapu mgongoni. Bathsheba, kiongozi wa kwaya yetu, ana sauti inayoshinda kengele ya shule. Alipiga ukelele kwamba nyota imefika, jamani, nyota imefika, tena imesimama kwa Abner! Dakika kumi hazikuisha wakawa uani kwangu, watu kama thelathini, wengine wameshakaa chini, wengine wanalia. Bathsheba akaanzisha wimbo wa marejeo ya Bwana, sauti zote nne.

Abner akatoka na kiatu kimoja. Akatazama juu. Akapiga magoti kwenye samadi, akaanza kuungama dhambi zake mbele ya umati. Alianza na maziwa ya kanisa aliyoyanywa akiwa kijana. Akaendelea. Akafika mahali akasema: “Na lile jambo la Machi, Tryphosa, nilitaka kukuambia…”

Upepo ukaangusha nyota. Ilianguka kwenye migomba, taa ikiwaka, mkia ukanasa kwenye mkungu wa ndizi.

Wimbo ulikatika katikati ya ubeti. Kisha mtu akasema hii si plastiki ya Abner?

Nikageuka, na huyu hapa Celestine, amejifunga shuka, simu mkononi. Alikuwa akipiga picha nyota, kama wote. Sasa alikuwa akinipiga picha mimi. Mimi, mtaimbo, jiwe.

Picha zangu nimezitazama nikiwa peke yangu jikoni. Ya kwanza: doa. Ya pili: doa na kidole changu. Jiwe halionekani, kilima hakionekani.

Na hilo jambo la Machi ni lipi? Nimemwuliza Abner mara tatu. Anasema niongee na Celestine.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mawingu. Sikupima mvua. Sikuwa na moyo.

Nimeitwa ofisini kwa Bosire. Celestine alikuja na picha tatu. Zimetoka vizuri sana, lazima niseme, hata kovu la mkononi mwangu linaonekana. Simu ya namna hiyo ameipata wapi? Nimeandika swali hilo pembeni.

Bosire akaweka picha yangu mezani. Doa. Akaweka ya Mirihi kando yake. Doa. Akazilinganisha kwa muda mrefu, akasema nimethibitisha jambo moja angalau: nyota za mkia ni ngumu kupiga picha popote ulipo.

Nilisimama imara. Nikasema nimelirudisha jiwe, sikulisogeza. Nikasema Celestine aulizwe juu ya Machi na mayai. Celestine akacheka mpaka akashika meza. Akasema: “Mama Emily, si ungeniita nikusaidie kulisukuma? Mgongo wako huo si wa mtaimbo.”

Kejeli mbele ya serikali!

Bosire akasema jiwe sasa halina kwao, na yeye hana macho ya kuona mita mbili za hewa. Jumanne ijayo atamwita mpima ardhi, Nyamongo, aje na ramani ya Nyamira. Nimekubali upesi. Ramani haili mayai.

Jumanne, 21 Oktoba

Jua, umande mwingi. Siku ya haki.

Nyamongo amefika saa tatu na msaidizi wake. Wakashusha mzigo, wakafungua miguu. Miguu mitatu. Juu yake wakaweka kitu chenye kioo.

Kamera ya Machi!

Kabla sijapata la kusema, Nyamongo akamsalimu Celestine kwa jina na kumwuliza kama leo pia kuna mayai. Watu wote wakacheka isipokuwa mimi. Bosire akauliza kama ile ni kamera. Nyamongo akasema ni mashine ya kupimia ardhi, na kwamba mpaka huu aliupima tarehe 12 Machi, na anashangaa ameitwa tena.

Basi yote yakatoka. Masese alimwita Nyamongo mwezi wa tatu kwa sababu ya gari la wakwe, maana Emily alikuwa ameshaanza kuongea na kijana wake. Wakapima. Wakakuta mpaka halisi umeingia kwa Celestine. Masese na Abner wakakubaliana jiwe litahamishwa Celestine akishatoa viazi vyake. Ndiyo maana alikuwa akivichimba vikiwa vidole, ili njia iwe wazi kufikia tarehe 26. Alitaka tu nimwulize vizuri, akasema, kwa kuwa tangu Machi sijamsalimu.

Nikamgeukia Abner. Kwa nini hakuniambia? Akasema aliniambia. Nikamwambia alete ushahidi. Akasema ushahidi ninao mimi, kwenye daftari langu.

Nimefungua tarehe 13 Machi. Imeandikwa: “Abner ameanza hadithi ndefu kuhusu mpaka na Masese. Nimemwambia anyamaze, napima mvua.”

Nashuku kuna mtu ameandika humu kwa mwandiko wangu.

Na mpaka halisi? Mita tatu! Si mbili. Tatu ndani ya shamba la Celestine. Picha ya Mirihi imeniibia mita nzima. Huyo aliyeunganisha nitamjua.

Bosire ameamuru niling'oe jiwe tena, nilibiringishe mwenyewe hadi mahali halali mbele ya watu wote, na niombe radhi. Nimebiringisha. Nimeomba radhi, kwa maneno machache, nikitazama kilima. Celestine akasema yamekwisha, akanipa viazi kwenye beseni. Nimevipokea. Nimevipika kando, kwenye sufuria ya mbwa kwanza. Mbwa yuko salama.

Amri ya mwisho ilikuwa ya ajabu. Bosire amesema lile shimo nilimolitoa jiwe liko sasa katikati ya njia ya gari, kwa hiyo nilijaze mawe na kulishindilia kwa mchi hadi liwe gumu. Nimeona ujanja wao. Wanataka wageni wanikute nimechoka, mikono ina malengelenge, na Celestine amepumzika. Shimo limeshajaa majani ya migomba. Nimeongeza mengine, nimeweka udongo juu, nimelainisha kwa fagio. Halijulikani kabisa lilipokuwa. Nimetembea juu yake mara mbili, kwa uangalifu.

Jumapili, 26 Oktoba

Mvua alfajiri, imekatika saa mbili. Vidole vinne.

Njia imependeza. Pana! Nimepanda maua pande zote mbili, nimefagia, nimemimina mchanga mwembamba juu. Emily amevaa gauni la kijani. Kuku watatu, obokima ya wimbi, mboga ya chinsaga na chai kwenye chupa kubwa mbili.

Celestine hajaenda misa. Jumapili ya kwanza tangu aolewe! Moshi jikoni kwake tangu saa nne. Nimeandika saa.

Saa saba na dakika kumi gari limetokea barabarani. Jeupe, refu. Nilisimama mlangoni na sinia. Likafika kwa Celestine. Likapunguza mwendo. Moyo wangu! Dereva akatazama uwanja wake uliofagiwa, kisha akaona njia yangu. Akakata kona. Akaingia kwangu!

Nimeliona kwa macho haya. Magurudumu ya mbele yote mawili yalikuwa ndani ya ardhi yangu. Nilianza kuimba ndani kwa ndani.

Kisha gurudumu la kushoto likazama. Lilizama polepole, kama mtu anayekaa kitini. Majani ya migomba yaliyooza yakatoka pembeni pamoja na maji meusi. Gari likalala ubavu, mlango mmoja ukabanwa na udongo. Ukafunguka mmoja tu. Ule wa upande wa Celestine.

Mama mkwe wa Emily akashukia huko, kwenye shamba la viazi lililolimwa laini, viatu vyake vikibaki nyuma. Celestine alikuwa ameshafika na kiti, beseni la maji ya moto na kikombe. Alisema chai hiyo alikuwa akiniletea mimi, kwa kuwa aliona nitaelemewa. Mkwe akanawa miguu. Mkwe akanywa. Chai ya kwanza. Akaomba tena. Chai ya pili.

Mimi nilikuwa mlangoni kwangu na sinia, mita ishirini, nikitazama.

Gari limetolewa saa tisa. Wanaume kumi na wawili, na mtaimbo wangu. Baadaye wakaja wakala, wakasifu kuku, wakasema Emily amelelewa vizuri. Tarehe ya ndoa imewekwa. Emily amenikumbatia, amelia. Na mama mkwe akasimama kushukuru, akasema hajawahi kupokelewa kama alivyopokelewa leo, akamtaja Celestine kwa jina, mara mbili. Bathsheba akapiga vigelegele. Jina lake nimeliongeza ukurasa wa nyuma.

Nimekaa na shimo hili kichwani jioni yote. Nani alilichimba? Mimi, sawa. Lakini nani alijua nitalijaza majani? Nani aliagiza mawe mbele ya watu, akijua fika mtu kama mimi nikiambiwa mawe sitaweka mawe? Bosire amekula kwa Celestine mara ngapi? Nitaanza kuhesabu kesho.

Na kuna jingine. Wakati wa kuaga, baba mkwe alitoa simu yake, kwa kuwa alisikia mimi ni mtu wa mambo ya anga. Roboti imetuma picha mpya kutoka Mirihi. Udongo mwekundu, na katikati kitu cheusi cha mviringo kilichofukiwa nusu. Alisema wataalamu wanadhani ni jiwe la aina ngeni.

Si jiwe. Ni kifuniko cha sufuria yangu kubwa, kilichopotea Agosti nilipomwazima Celestine siku ya harambee ya kanisa lao. Kishikio kinaonekana kabisa.

Kesho saa mbili asubuhi kwa Duke. Rangi. Nakala tatu.

Shajara naiweka chini ya godoro, upande wangu. Abner anajifanya kukoroma. Nalala saa tano na dakika sita.